Miaka Minne ya Levina Yafyekwa kwa Asubuhi Moja

Saa nane mchana, jua la Ifakara linauchoma ukuta wa magharibi wa zahanati moja binafsi. Levina Libenanga, mwenye miaka 52, amepiga magoti chini ya ukuta huo, anachimba mashimo. Anapanda kwa mara ya pili kitu alichokwisha kukipanda.

"Gusa hapa," anamwambia mwandishi. Ukuta unaunguza kiganja. "Nyuma yake wamelala wazazi na vichanga vyao."

Levina ni mtunza bustani. Anaotesha fikasi, mmea unaong'ang'ania ukuta kwa vijizizi vyake mpaka tofali lisionekane. Hapo zahanati alipanda miche kumi na miwili, na kila kiangazi akaimwagilia kwa ndoo za kubeba kichwani. Mwaka wa nne ukuta wote ulikuwa kijani, na wodi ikapoa.

Juni mwaka jana akaenda Namawala kumzika shangazi yake. Aliporudi, mashina yalikuwa yamekatwa kwa panga, kazi ya asubuhi moja tu, majani yamerundikwa yakinyauka. Meneja alitaka ukuta mweupe wa kuchora jina la zahanati, maana wageni walikuwa wanakuja.

"Nikamuuliza, hata kuniambia? Akanijibu, 'Mama, si majani tu hayo? Yataota.' Majani tu!" Sauti yake inapanda. "Ng'ombe wakila mpunga wa mtu, kijiji kizima kinakaa kikao. Kazi yangu imefyekwa, hakuna hata wa kuniambia pole."

Oktoba joto likapamba moto. Ritha Agapiti alijifungua mwezi huo. "Wodini hapakaliki," anasimulia. "Tulihamia barazani na watoto wetu, mbu wakatumaliza. Ndipo tukamfuata meneja ofisini."

Meneja akatuma mtu kumwita Levina. Hakwenda siku ile, wala iliyofuata. Siku ya tatu alikwenda na sharti moja: aombwe radhi wodini, mbele ya wazazi.

"Aliomba huku anaangalia sakafu. Lakini aliomba, na kina mama walisikia," anasema Levina.

Amekubali kupanda kwa ajili ya hao kina mama. Hasira bado anayo, wala haifichi. "Miaka minne hairudi kwa samahani."

Nyumbani kwake Michenga ana miche themanini anayotaka kuipeleka shule ya msingi anakosoma mjukuu wake, ambako madarasa mawili yanapigwa na jua la jioni. Barua kwa kamati ya shule ameshaiandika. Mstari wa mwisho ameupigia mstari chini mara mbili: atakayetaka kukata, aje kwanza aniulize.