Karatasi Yangu ya Kura

Naungama mwenyewe kabla majirani hawajaninogeshea kisa hiki. Siku ya kujiandikisha kupiga kura nilifika bomani Same, nikajipanga kwenye mstari wa kwanza niliouona. Karani akaniuliza kama nina mbwa. Nikajibu kwa fahari kwamba ninaye, dume, mwekundu, jina lake Chui, kwani nilisikia Mwingereza hampi kura mtu asiye na mali. Akanipa karatasi ya Kiingereza yenye mhuri. Kiingereza sikijui, ila kule kwetu Hedaru nilishajitapa kwamba nakijua.

Juzi kwenye mkutano wa kampeni nikasimama nikawafokea wasiojiandikisha. “Mnangoja sisi tuwachagulie? Hamna haya!” Nikaipunga karatasi yangu.

Mgombea akafurahi mno. “Mzee wangu, hebu panda jukwaani, watu wamwone mpiga kura wa kweli!” Akaipokea, akaanza kuwasomea watu kwa Kiswahili, na sauti ikawa inampungua: “Leseni ya mbwa. Dume. Mwekundu. Jina lake... Chui.”

Chui alikuwa amelala kivulini. Aliposikia anaitwa, akapanda jukwaani akitikisa mkia, na mkutano mzima ukampigia makofi mpiga kura wa kweli.