Maji Ndani ya Fari

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Leo asubuhi nimekukuta umepiga magoti mbele ya gari, kola, ile gundi, mkononi, ukiziba vitundu vya nyuma ya fari, taa ya mbele, eti maji yasiingie tena. Nikakunyang'anya mbele ya wenzako. Umenuna. Nuna tu, lakini sikiliza.

Nilikuwa na umri wako, dereva wa Mama Feza, aliyekuwa akiuza ndakala, dagaa wa ziwani, huko Nyunzu. Sisi vijana wa Kalemie tulikuwa na ujinga wetu, na nyinyi mmeurithi: ukitoka safari unashusha gari moja kwa moja ziwani kuliosha, maji mpaka kwenye taa. Fari bado ina moto! Ikipata maji baridi ghafla inayavuta ndani kupitia vitundu vyake vya kupumulia. Kesho yake nikakuta kioo kimejaa ukungu. Mimi mjuaji nikaviziba vitundu vyote kwa kola, nikafuta kioo kwa nje mpaka kikang'aa.

Papa Kalunga, fundi mzee wa garaji, akaniona.

"Weye mutoto, maji iko ndani, unafunga mulango. Itatokea wapi? Fungua nyuma, toa ampuli ya taa, acha jua ikaushe."

"Papa, Mama Feza ananingoja," nikamjibu, nikawasha gari. Kuikausha ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu, mwanangu!

Njiani kwenda Nyunzu mvua ikatukuta, mchana ukawa giza. Nikawasha taa. Yale maji yakapata moto yakawa mvuke, mwanga ukawa mzito kama uji. Mtu aliyesukuma baiskeli ya makala, magunia ya mkaa, sikumwona mpaka aliporuka mtaroni kunikwepa. Gari halikumgusa. Baiskeli na magunia yake vilimwangukia mkono wa kuume, ukavunjika.

Niliporudi nikamsimulia Papa Kalunga. Aliifungua ile fari, akanimiminia maji kiganjani. Hayakujaa hata kiganja.

"Angalia. Ni sababu ya hii maji kidogo njo muntu alivunjika mukono."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo! Asiyesikia nilikuwa mimi, aliyevunjika ni mwingine. Hilo ndilo linalonikasirisha hadi leo.

Basi, acha gari lipoe kabla ya kulishusha majini. Fari ikiingia maji, toa ampuli, ikaushe juani, tazama mpira wa kifuniko kama haujachanika, na vile vitundu uviache vipumue. Mkubwa akikuambia ngoja, ngoja.

Na Papa Ilunga, jirani yetu, yule unayemlalamikia kwamba hana adabu, anakusalimia kwa mkono wa kushoto? Ndiye yule wa baiskeli; mkono wake wa kuume haukupona sawasawa. Mimi mwenyewe nilimleta akae hapa mjini, maana baiskeli hakuiweza tena. Hajawahi kunitukana hata siku moja.

Nenda kamsalimie sasa hivi, na huo mkono wa kushoto uupokee kwa mikono yako miwili. Mungu akubariki, mwanangu, na kila utakayekutana naye barabarani afike kwake mzima.