Mwalo Usiokuwa Kwenye Ramani

Koti la mtumba nililonunua leo asubuhi lina harufu ileile ya belo alilokuwa akifungua mama gulioni Buhongwa.

Utotoni, kwenye mfuko wa koti kama hili, nilikuta ramani ya mji mkubwa wa Marekani uliojengwa kando ya ziwa. Nikamsomea mama kila kitu: makumbusho, mnara, treni zinazopita juu ya barabara. Alisikiliza huku akikung'uta nguo, kisha akauliza, "Mwalo wa wavuvi uko wapi?"

"Haupo, mama."

"Watu wote hao wanaishi ziwani, dagaa wanawaanikia wapi? Aliyechora hii hakufika ufukweni." Akachukua kalamu yangu, akaweka msalaba penye mchanga. "Ni hapa. Ukifika, kahakikishe."

"Nitafika."

Hakucheka. Aliikunja ramani akaiweka ndani ya Biblia yake.

Leo, nikiwa na ramani ile mkononi katika mji huohuo, nimeupita mnara na makumbusho bila kusimama. Upepo wa ziwa unakata masikio. Penye msalaba aliouchora mama pana mchanga kweli, na hakuna mtu. Nimetandaza kitenge chake, nikaanika dagaa wachache niliokuja nao kutoka nyumbani.