Baiskeli ya Kulalia ya Mama Shirley

Ukitaka kumwona mtu mkaidi, mtazame Ephantus Muriuki akiwa na chuma kilichokataa kunyooka. Kibanda chake cha kutengeneza baiskeli kinapakana na posho mill yangu ya kusagia unga hapa karibu na Kabianga, na tangu tuwe majirani sijamwona akitupa kitu. Rimu iliyopinda, pedali isiyo na mwenzake, mnyororo uliokatika, vyote vinaning'inia ukutani vikingoja siku yao. Nilikuwa nikimwambia kwamba Bwana akirudi atamkuta chini ya meza anatafuta nati.

Mkewe ni Jecinta Waceke, ila sisi tunamwita Mama Shirley. Alichuma chai tangu usichana wake, kikapu mgongoni, kupanda na kushuka, mpaka mgongo ukasema basi. Siku hizi akitoka kwake akifika kwangu, amefika mbali. Bodaboda aliwahi kupanda, akashushwa njiani analia. Tangu hapo akawa mtu wa kuletewa habari.

Na habari aliyoitaka ilikuwa moja tu, ya Priscah. Hao wawili walichuma mistari iliyopakana miaka mingi, Mkikuyu na Mkipsigis, wakigombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili. Mwaka ule wa vurugu za baada ya uchaguzi, Priscah ndiye aliyemfungia Mama Shirley na mtoto ndani ya nyumba yake, akaketi mlangoni mwenyewe hadi mambo yalipotulia. Sasa Priscah naye miguu imevimba, hatoki, na kwake ni ng'ambo ya vilima viwili. Simu walipigiana, lakini masikio ya Priscah yamepungua, kwa hiyo ilikuwa kelele tupu.

"Tecla, mimi nitakufa kabla sijamwona Priscah," aliniambia siku moja, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesema leo mvua itanyesha. Iliniuma sana.

Alikuwa ameegemea gunia la mahindi, miguu ameinyoosha juu ya debe, akingoja unga wake. Muriuki akaja kumchukua, akasimama mlangoni.

"Mgongo unauma?"

"Nikikaa hivi? Hapana. Niache tu hapa."

Akamtazama mkewe kama anavyotazama rimu, jicho moja amelifumba. Kisha akatoa blada mfukoni, ile mipira ya tyubu tunayofungia mizigo, akampima kutoka kiunoni hadi kisigino, akapiga fundo.

"Unapima jeneza?" mkewe akamuuliza.

"Napima baiskeli."

Nilicheka hadi nikasahau mashine. Lakini kesho yake ukuta wa kibanda ulianza kupungua. Alikata baiskeli kuukuu ya Black Mamba katikati, akairefusha kwa mabomba ya kitanda cha bweni. Kiti kilikuwa cha plastiki, kimevunjika miguu yote. Alikilaza, akakifuma blada kwa ndani ili kiupokee mgongo kama gunia lilivyoupokea. Gurudumu moja mbele, mawili nyuma. Gia ilitoka kwenye baiskeli iliyoachwa na mwanafunzi aliyemaliza masomo. Minyororo aliiunga mpaka ukawa mmoja mrefu kama wa kufungia ng'ombe. Jonah wa kuchomelea alikuja na mashine yake, na kila mwanamume aliyepita akasimama kutoa ushauri. Walijaribu kwa zamu, wamelala chali, wakipiga kelele kama watoto. Muriuki akawafukuza, akaijaribu mwenyewe, akakaza hapa, akalegeza pale.

Alhamisi akamtolea mkewe baiskeli nje. Mama Shirley alijilaza polepole, akashusha pumzi, akatabasamu. Halafu akainua miguu aiweke kwenye pedali kule mbele, na rinda likateleza likarudi lote mapajani. Vijana wa stage ya bodaboda wakageuza nyuso upande wa barabara.

Kumbe! Wanaume wote wale, na vipimo vyote vile, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mama huvaa rinda. Na mimi mwanamke niliwatazama na suruali zao siku zote hizo, nisiwaze.

"Baba Shirley, unataka nipite senta miguu juu?"

"Vaa suruali yangu."

"Mimi? Mama wa kanisa? Umri huu?"

Akainuka kwa maumivu, akaingia ndani, akafunga mlango. Muriuki alibaki ameshika usukani, uso umemshuka. Jioni akaifunika baiskeli kwa gunia, na sijawahi kumwona akifunika kitu.

Asubuhi nilikuwa nafungua mill nilipomsikia Mama Shirley akiita. Alikuwa amesimama mlangoni pake amevaa aproni yake ya kuchumia, ile ya plastiki nzito ya kuzuia umande, inayoanzia kifuani na kuishia kwenye vifundo vya miguu. Ilikuwa nyuma ya mlango tangu siku alipoacha kazi. Alikataa kumpa mtu. Ubavuni ina kiraka cha manjano alichoshona Priscah. Muriuki akalitoa gunia, mkewe akajilaza, akainua miguu, na aproni haikusogea.

"Funga hapa chini na blada," akamwambia mumewe. "Twende kabla sijabadilisha mawazo."

Nilifunga mashine nikawafuata. Wateja walionuna niliwaambia warudi kesho. Mlimani Muriuki alisukuma. Kwenye mteremko alishika kamba aliyoifunga nyuma, akijivuta kinyume kama anayezuia ndama. Breki aliziamini, alisema, lakini mke ni mmoja. Chai ilikuwa imempita Mama Shirley kimo pande zote mbili, hivyo wachumaji walisikia mnyororo kabla ya kuona mtu. Waliinuka mmoja mmoja. "Chamgei!" walimsalimu kwa Kikipsigis, naye akajibu, "Chamgei mising!", akipunga mkono, akikanyaga pedali.

Priscah alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Hakutusikia. Aliinua macho baiskeli ilipokuwa imeshafika miguuni pake, akaitazama muda mrefu, na sikujua kama amemtambua mtu. Kisha akaona kile kiraka. Aliweka kiganja juu yake, akakipapasa pembeni kama anayekagua iwapo uzi wake bado umeshika.

"Umechelewa," akasema, kama enzi zao kwenye mizani ya chai. "Majani yameshapimwa."

"Nipimie tu, Priscah. Nimetoka mbali."

Hapo wote wawili wakalia, na mimi nikalia, wala sioni haya. Muriuki alijifanya anakagua mnyororo.

Tulikunywa chai, tukala maharagwe. Jua liliposogea, Muriuki akaichukua kamba yake. Priscah akamtazama.

"Wewe nenda nyumbani. Huyu analala kwangu. Na hiyo kitanda yake ya magurudumu iache hapo."

Tukarudi wawili kwa miguu. Pale stage vijana wakamwona hana baiskeli wala mke, kamba tu begani.

"Mzee, na mama?"

"Atarudi akitaka," alisema. Tulipopita akalirudia peke yake, "akitaka," na akaendelea kutabasamu mpaka mlangoni pake.