Aliyekuwepo Kila Jumamosi

Mimi sina subira na mwanafunzi anayenyamaza. Nafundisha kozi ya cheti mtandaoni, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yangu hapa Machakos, na darasa langu lote ni visanduku vyeusi vyenye majina, maana kamera hula bando. Sauti tu ndiyo huniambia kwamba kuna mtu.

Mmoja wao alikuwa mwalimu wa chekechea kule Kalama. Kila Jumamosi saa nne asubuhi alipanda kilima kutafuta netiweki, na alipofungua maikrofoni tulisikia upepo na mbuzi. Alikuwa mbishi kwelikweli, nami nilimpenda kwa hilo. Muhula wa mwisho akanyamaza. Jina lilikuwepo tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho, lakini nikimwita, kimya. Jumamosi ya nne nikawaka mbele ya wote.

"Wewe wa Kalama! Kama umewasha simu ukaenda kufua nguo, heri nikutoe!"

Maikrofoni ikafunguka. Upepo, mbuzi, kisha sauti ya mama mzee.

"Aiya, mwalimu, usimtoe. Mimi ni mamake. Alisema mtu akikosa mara tatu jina inatolewa, kwa hivyo akiwa hospitali nikuwe nafungua simu saa nne."

"Bado yuko hospitali, mama?"

"Tulimzika. Sasa ni wiki mbili."

Nilipaswa kumwambia asihangaike tena na kile kilima, kisha niiarifu ofisi ya chuo. Lakini kwa aibu nikasema la kwanza lililonijia: "Simtoi, mama. Endelea kufungua."

Akaendelea. Kila Jumamosi nilisoma majina, na nikifika kwa lile niliogopa kulitamka na niliogopa kuliruka. Upepo uliingia, darasa zima likangoja. Mara nyingine nilikosea makusudi katikati ya somo, nikatulia, nikitarajia marehemu anibishie kama zamani.

Siku ya kipindi cha mwisho waliaga wote wakatoka. Kikabaki kisanduku kimoja.

"Mwalimu, masomo imeisha?"

"Yameisha, mama."

"Asante sana kwa kutomtoa. Mimi sijakosa hata siku moja, hata ile ya mvua." Akahema kidogo. "Sasa cheti yake nikuje kuchukua lini?"

Mbuzi mmoja akalia.

"Mwalimu?" akaita. "Mwalimu, uko?"

Nilikuwepo, na maikrofoni yangu ilikuwa wazi.