Nilizika Chuma Uani kwa Jirani

Nimekosa mimi, na hapana mwingine wa kutiwa humu. Si shetani, si uzee, si ugonjwa wa sukari. Ni wivu tu, wivu wa mwanamke mzima mwenye mvi!

Huku kwetu Likoni palikuwa na kiwanda cha rangi, kilifungwa zamani. Watu husema mapipa ya uchafu wake yalizikwa ardhini, wala hapana ajuaye ni wapi. Basi wakaja wanafunzi wa chuo kikuu na mwalimu wao, mama mmoja wa bara, kujifunza kuyatafuta mapipa hayo bila kuchimba. Mmoja wao ni mjukuu wangu. Nitamwita Maimuna, jina si lake. Nimemlea mimi tangu anatambaa. Nilivyojivuna! Mtaa wetu wa Bofu mzima ulisikia.

Lakini mwalimu akaweka kambi kwa jirani yangu Bi Rukia, kwa kuwa ua wake umepakana na ukuta wa kiwanda. Vyombo kwake, chai kwake, vicheko kwake. Mashine yao husikia chuma kilichofukiwa, kwa hivyo wao wenyewe hawakuruhusiwa kuvaa chuma chochote. Bangili walivua, pini za mtandio walitoa, hata mikanda. Kijana mmoja suruali kaifunga kwa kamba ya katani, Bi Rukia akampigia ukelele, "Kaza, mwanangu, tusije tukasomeshwa yasiyotuhusu!" Maimuna wangu akacheka kuliko wote.

Mimi niko upande wa pili wa ua, nawasikia. Roho ilinichoma!

Jioni Bi Rukia akanipitia. "Shoga, mjukuu wako leo kala kwangu mpaka ukoko. Kwani wewe humpikii?"

Alikuwa akinitania. Mie nilimeza kama shubiri. Sufuria yangu ya wali ilikuwa jikoni, haijafunuliwa.

Ikafika Ijumaa. Wanaume wako msikitini, Bi Rukia kaenda mazishini, wanafunzi wamepewa ruhusa wakateremka ufukweni, Shelly Beach. Nikaingia uani kwa Bi Rukia na jembe langu. Nikafukia ringi ya mkokoteni wa marehemu mume wangu, aliyekuwa hamali sokoni Kongowea, na karai bovu juu yake. Nikatandaza makumbi ya nazi pasionekane. Nilitaka mashine ichanganyikiwe, mwalimu aone ua ule haufai, wahamie kwangu. Lo, akili gani hiyo!

Kesho yake namba za mashine zikaruka. Mwalimu hakuhama, alifurahi! Akachomeka vibendera, akasema huenda ndiyo mapipa yenyewe. Siku zote walizobakiwa nazo zikaishia pale pale, wakipima na kupima tena. Mtaa ukaacha kuteka maji kisimani kwa Bi Rukia, ati yana sumu. Na mimi niliona raha. Naam, niliona raha, Mungu anisamehe.

Siku ya mwisho wakachimba, glavu mikononi, barakoa usoni, watu tumejaa. Likatoka karai bovu, kisha ringi ya mkokoteni.

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Nani alikagua ua huu kabla hatujapima? Udongo mbichi hakuuona?"

Maimuna akaitazama ile ringi. Utotoni alikuwa akiisukuma uani kwangu, anajifanya dereva. Kisha akanitazama mimi. Neno moja tu ningesema!

"Ni mimi niliyekagua," akajibu. "Niliandika daftarini kuwa pako safi. Kosa ni langu."

Nikanyamaza. Wallahi, nikanyamaza.

Akaambiwa arudie mazoezi yale mwakani. Wenzake wamevaa majoho yao ya kuhitimu, yeye bado. Na mapipa hayajapatikana hadi leo.

Jioni ya siku ile ya kuchimba alikunja nguo zake. Alipofika mlangoni ndipo akasema, "Nyanya, ungeniambia tu nije nile nyumbani. Ningekuja."

Tangu hapo hajakanyaga kwangu. Hunipigia simu Idi kwa Idi. "Shikamoo, nyanya." "Marahaba, mamangu." Halafu kila mmoja anamsikia mwenzake akipumua.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nikamwendea Bi Rukia, nikalia, nikamweleza yote.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Ringi ya marehemu, nani haijui hapa? Mjukuu wako aliniapisha nisiseme. Aliniambia, 'Nyanya hana mali, ana heshima yake tu.'"

Ningeona shimo ningeingia!

Nikamwomba namba ya mwalimu, nikampigia, nikajitaja. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunitukana. Akasema alama zilishapelekwa, hapana la kubadilisha. Maimuna nimemwandikia ujumbe. Kausoma, hajajibu. Sina haki ya kumharakisha.

Nyinyi mnaolea wajukuu, nisikizeni. Mtoto akipendwa kwa jirani hujaibiwa kitu. Na ukishakosa, useme siku ile ile, mbele ya watu wale wale. Mimi nilinyamaza, na msichana wa miaka ishirini na miwili akajitwika aibu ya mwanamke wa miaka sabini.