Bango la Mbuni Limeng'oka Mlangoni Kwangu

Leo nimeitwa mwizi wa ndege wa bati!

Asubuhi kaja karani wa kampuni ya mafuta ya taa, tai shingoni, kwa jua hili la Kagongwa. Kampita mteja wangu Mama Ngolo, mtu mzima yule, bila hata shikamoo.

Kaokota koroboi mezani, kaigeuza. Ubavuni ina picha ya mbuni, maana nimeikata kwenye debe lao tupu.

Sasa ningeikata kwenye nini, ngozi ya ng'ombe?

"Fundi Masanja, hii ni alama ya kampuni. Sheria haikuruhusu kuuza vitu vyako nayo. Ondoa mbuni wote dukani!"

Wote?

"Wote, sasa hivi!"

Haya. Nimeshika tupa, nimekwangua koroboi zote, yeye kasimama kama askari wa boma.

Kisha nimepanda ngazi, nikang'oa lile bango la bati lenye mbuni, ambalo kampuni ilinipigilia mlangoni bila hata kuniomba.

Mngemsikia! "Hilo liache! Hilo ni tangazo letu!"

Kumbe mbuni kwenye kazi yangu ni wizi, kwenye mlango wangu ni tangazo. Na huyo ndiye msomi waliyemchagua.

Mama Ngolo kacheka mpaka kakaa chini.

Bango nimelikatakata mbele ya karani. Limetoa koroboi nne, mbuni nimemgeuzia ndani ale moshi.

Karatasi hii nimeibandika chini ya matundu ya misumari yao. Mwenye neno aandike hapo chini, mkaa upo dirishani.

Karani naye karibu. Ila kwanza amwamkie Mama Ngolo.